Kumsindikiza Letisia

Siku ya mbio ndefu, mtaa wetu mzima wa Nyamugari tulijipanga kando ya barabara kama waliokuja kupokea maharusi. Michezo ya kanda ilikuwa imeuangukia mji wetu wa Gitega, na kwa wiki nzima tulijifanya wazoefu: tuliwasalimu wageni kwa lugha tusizozijua, tukawaelekeza njia hata wasiopotea.

Katikati yetu alisimama Gaudensia, mkulima kutoka Mwakiro, kule Muyinga, kikapu kichwani. Alikuwa amefikia kwa Charlotte, Mkongomani muuza vitenge. Binti yake, Letisia, alikuwa miongoni mwa wakimbiaji wa Burundi.

Kwetu mgeni haondoki peke yake. Hata mchuuzi wa sabuni aliyekuchosha kwa maneno utamsindikiza mpaka njiani, wala huruhusiwi kugeuka mpaka yeye mwenyewe akuambie urudi. Gaudensia alikulia ukimbizini Tanzania, lakini desturi hii aliishika kuliko wengi wetu. Ila asubuhi ile Letisia alipoacha kazi ya ualimu aliyotafutiwa kwa taabu, akabeba mfuko wake kwenda kambi ya wanariadha, mama yake aliinamia palizi ya maharage na hakuinuka. Binti alishuka kilima peke yake, majirani wakitazama. Tangu hapo walisalimiana kwa simu tu, salamu kavu zisizo na swali la pili. Sasa mama amekuja kutengeneza mambo, na hajui aanzie wapi.

Walioongoza walipita, tukapiga vigelegele. Wakapita wa katikati. Letisia hakuwemo. Gaudensia alikishika kikapu kwa mikono miwili ingawa hakikuwa kinaanguka.

"Mama, mutoto wako iko anakuja," Charlotte alimwambia polepole. "Lakini iko anachechemea. Iko wa mwisho."

Kweli, mguu wa kulia aliuburuta. Gaudensia akaingia barabarani kumshika mkono, msimamizi akamzuia: binti akisaidiwa tu, anaondolewa mashindanoni. Tungemzomea yule bwana, basi tu alikuwa anasema kweli.

Gaudensia akarudi pembeni, akaanza kutembea sambamba na binti yake. Nasi tukafuata, maana nani humwacha msindikizaji peke yake? Charlotte aliacha duka wazi, na Charlotte hana mchezo na duka lake.

"Umebeba nini, mama?" Letisia aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Maharage. Ya shamba lile lile."

"Yanazaa?"

"Yanazaa sana. Ila tangu ulipoondoka hayajaniingia kinywani kwa raha, mwanangu."

Letisia alijifuta uso kwa kiganja, na haukuwa wakati wa kuuliza kama ni jasho.

Kwenye lango la uwanja, ambamo mbio zilimalizikia, sisi hatukuwa na ruhusa ya kuingia. Ndani, wapiga ngoma walikuwa wamekwisha kunyamaza. Gaudensia alisimama akamtazama binti yake, akingoja. Letisia naye akasimama, yeye aliyekuwa na kila sababu ya kutosimama.

"Rudi sasa, mama," alisema. "Umenifikisha."

Gaudensia akageuka, kama desturi inavyotaka. Alipiga hatua chache, akatua kikapu, akaketi kwenye jiwe la kando ya barabara kumsubiri. Nyuma ya ukuta, ngoma zikaanza tena.