Bendera Iliyoshuka Yenyewe

Watu wa ofisi ile walikuwa wananitoa roho, na aliyeongoza msafara alikuwa Bwana Kontua. Jina hilo tulimbandika sisi, kwa sababu kwa miaka thelathini kazi yake ni kuchora kontua, ile mistari ya miinuko kwenye ramani, na ukimgusa bega akiwa anachora anaruka kama umemmwagia maji ya moto. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta kumi na nne za ofisi ya ramani, zote za mfumo wa Unix. Waliniita Fundi tu, na wakiniita kwa sauti tamu nilijua kuna kitu kimeharibika.

Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni kwangu, mikono mgongoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Fundi mwanangu, kile kibendera changu hakipandi."

Kibendera! Jamani, kwenye kona ya skrini ya kila mtu kulikuwa na picha ya kisanduku cha barua. Barua pepe ikiingia, bendera ya kisanduku inapanda. Ukishafungua barua zako, au ukiibonyeza ile picha, inashuka. Hakuna la ziada hapo, hata mtoto wa chekechea angeelewa.

"Unasubiri barua gani, Mzee?"

"Ya hospitali. Habari ya macho ya mama yenu."

Mama yetu huyo ni mkewe, mshonaji. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, akawa anashona kwa kupapasa, na wateja wameanza kumkimbia. Daktari wa macho alikuwa anakuja mjini mara mbili kwa mwaka. Nafasi ikipatikana hospitali inakuandikia, na usipojibu ndani ya siku mbili wanampa mwingine. Nyumbani kwao hakukuwa na simu, kwa hiyo mzee alikuwa ameacha anwani yake ya ofisini.

Mtu atauliza, si angefungua tu akaangalia? Hapana, nilikuwa nimempiga marufuku. Bwana Kontua hakuwahi kufuta barua hata moja tangu apewe mashine, na nyingi zilibeba ramani nzima nzima tumboni. Akifungua sanduku lake, mashine zote zinakwama, na lawama zinaniangukia mimi. Nilimwambia wazi: bendera ikiwa chini usifungue, ngoja ipande.

Basi nikaenda, nikamtumia barua ya majaribio. Bendera ikapanda mbele ya macho yake.

"Hiyo nini, Mzee?"

"Imepanda," akasema kwa unyonge.

"Haya." Nikaondoka zangu.

Jumanne karibu saa sita mchana huyo tena. "Fundi, imepanda, halafu imeshuka yenyewe."

"Bendera haishuki yenyewe. Umebonyeza."

"Sijagusa kitu. Nilikuwa nanawa wino, nikaiona kule kutoka kwenye beseni. Nimefika, iko chini."

Loh! Nilimbadilishia kipanya nikidhani kinajibonyeza. Nikaizima ile programu ya bendera, nikaiwasha upya. Nikajaribu, ikapanda vizuri. Nikamwambia atulize mikono, nikarudi kwangu nikinung'unika kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatano alinikuta kwenye ngazi. Safari hii hakulalamika, aliomba. "Niruhusu nifungue mara moja tu, niangalie."

"Ufungue nini, Mzee? Bendera iko chini, barua hakuna! Unataka ofisi nzima ikwame kwa ajili ya kuangalia hewa?" Nilisema kwa sauti, na wapimaji wawili waliokuwa wanapita wakacheka.

"Sawa, mwanangu," akasema.

Alhamisi mchana hakusimama mlangoni. Aliingia, akavuta kiti, akaketi. "Mke wangu anasema sifuatilii. Anasema nimechoka naye. Twende tukae wote wawili, uone kwa macho yako."

Nilikwenda nimenuna, nia yangu nimuumbue. Nikatuma barua ya majaribio, bendera ikapanda saa nane na dakika mbili. Tukakaa tunaikodolea macho, kila mtu mikono magotini. Saa nane na dakika tano ikashuka. Hakuna aliyegusa kitu.

"Ala!"

"Si nilikwambia?"

Nikatuma nyingine. Ikapanda. Saa nane na dakika kumi, chini. Sasa ni kitu gani katika mashine hizi kinachotokea kila baada ya dakika tano? Swali nilijiuliza mwenyewe, na jibu likanijia hapohapo. Ijumaa iliyopita niliandika programu ndogo ya kuingia kwenye sanduku la kila mtu kila dakika tano na kuhesabu barua juu juu, bila kuzipakia kwenye skrini, ili niwakamate wanaojaza diski. Nilijiona mjanja kweli. Bendera haijui ni nani amefungua sanduku. Inaona tu kwamba limefunguliwa baada ya barua kuingia, basi inaamini mwenyewe ameshasoma. Wenzake hawakugundua, maana wao hufungua masanduku yao wakati wowote. Wiki nzima namfokea mzee wa watu, kumbe msomaji ni mimi. Nyani haoni kundule.

"Fungua, Mzee."

"Ofisi itakwama."

"Fungua!"

Mashine zikakwama. Chumba cha pili mtu akaita, "Fundi!" Nikamjibu anyamaze. Baada ya dakika kama tatu orodha ikatokea. Barua ya kwanza ya hospitali ilikuwa ya Jumanne: nafasi imepatikana, jibuni kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Ya pili ilikuwa ya leo, saa saba kasorobo: hatujasikia kutoka kwenu, nafasi amepewa mwingine, subirini miezi sita.

Nikaandika kuwaomba radhi na kuwasihi. Wakajibu upesi kwamba mgonjwa mwingine ameshalazwa. Bwana Kontua alisoma jibu lile mara mbili, kidole kikifuata kila neno.

"Mimi habari hii siwezi kumweleza," akasema. "Twende ukamwambie wewe."

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa nyuma. Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, ameinamisha uso hadi unakaribia kitambaa. Alimtambua mumewe kwa hatua. "Mbona mapema?"

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. "Waliandika, Mama. Mimi ndiye niliyeificha barua, bila kujua."

"Kwa hiyo yeye alifuatilia?"

"Kila siku. Nikawa namfokea."

Kisha akageukia upande aliposimama mumewe. "Nisamehe, baba. Nimekusema wiki nzima."

Mzee alitoka nje, tukamsikia anapenga kamasi barazani.

"Wewe unaona vizuri?" mama akaniuliza.

"Ndiyo, Mama. Pole sana, sijui..."

"Pole yako sitaki. Miezi sita, kila asubuhi kabla ya kazi, utapita hapa unitungie uzi kwenye sindano. Ya cherehani na za mkono, zote. Anza sasa."

Akanipa sindano na kibonge cha uzi. Uzi ukakosa tundu mara nne. Yeye alisubiri, kiganja amekinyoosha.