Moduli ya Saa Kumi

Jumanne moja ya mwaka 2001, saa tisa na robo mchana, Georgette alikuwa ofisini Nguba, mtaa wa Bukavu, akitengeneza moduli, kipande cha programu cha kuunganisha redio ya Mwenga na kompyuta. Ofisi yao iliandika majina ya watu waliopotea vitani. Kompyuta iliyoyatunza haikuwa imezimwa tangu vita vianze, maana diski yake ilikuwa imechoka, na kila mtu alijua ikilala haiamki. Kwa hiyo kila kipya kiliongezwa mashine ikiwa kazini, kama mama anayemshonea mtoto suruali hali ameivaa.

Moduli hujengwa kwa kufuata kiini kilekile kinachoendesha mashine. Georgette alikosea: alijenga kwa kiini cha zamani kilichomo katika sidii (CD) ya mwaka 1997, ya kabla ya vita. Mashine ikakataa, ikasema hivi viwili si vya wakati mmoja. Akaiingiza kwa nguvu. Bukavu tumeshazoea, ukingoja vitu vipatane utazeeka umesimama.

Saa kumi kamili mama yake, Virginie, akaingia. Alikuwa ameuawa kijijini kwao Mwenga mwaka 1998. Alipangusa matope miguuni, akakaa kwenye benchi karibu na betri, penye joto.

"Jambo maman," alisema Papa Grégoire, mkuu wa ofisi, huku akimwandika katika daftari la wageni. "Safari ilikuwa muzuri?"

"Njia iko mubaya, lakini nimefika."

Georgette alifurahi mpaka vidole vikakosa herufi. Miaka mitatu familia ilishindwa kuondoa matanga, kwa kuwa hakuna aliyejua marehemu amelala wapi. Akamuuliza.

"Nyuma ya nyumba ya masomo, chini ya migomba. Tuko watu makumi mbili."

"Na ule alitoa ordre ya kuwaua?"

"Ule komanda? Iko hapa Nguba, ku mulango ya kijani. Nimepita pale sasa hivi. Amenisalimia."

Ilikuwa kweli. Komanda alikuwa mtu wa adabu.

Grégoire aliandika ripoti, nakala tatu, akaipeleka kwa wakubwa wa mji. Wiki iliyofuata jibu lilikuja: ripoti imepokelewa, asante kwa ushirikiano, moduli iondolewe. Chini palikuwa na saini ya Komanda.

Askari wawili walisimama mlangoni kuhakikisha. Georgette alilia, maana ndiyo kwanza amempata mama yake, kisha akaandika amri ya kuiondoa. Mashine ikajibu kwamba haiwezi kuondoa moduli inayotumika. Watumiaji: mmoja. Virginie alikuwa kwenye benchi anachambua maharagwe. Barua ilisema kuondoa, haikusema kuzima, kwa hiyo askari walinakili jibu lile kwenye karatasi, wakamuaga maman, wakaenda zao.

Jumamosi waliondoa matanga. Kwenda kuchimba nyuma ya shule hakukuwezekana, barabara ilikuwa ya wenye bunduki. Lakini Virginie mwenyewe alikuwepo, akala bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, akasema chumvi imepungua kidogo. Georgette alimshukuru Mungu, akamshukuru Grégoire, akaishukuru hata sidii ile yenye mikwaruzo.

"Aksanti ya kuja, maman."

"Aksanti ya kulazimisha, mutoto wangu." Akanawa mikono. "Wenzangu wanauliza kama nafasi iko."

Georgette aliazima mabenchi manne kanisani. Tangu hapo mashine inaonyesha watumiaji ishirini, na familia zao zinakuja na vyungu, zinashukuru, zinaondoa matanga moja baada ya jingine. Ripoti nyingine kumi na tisa zilipelekwa. Zote zimepokelewa.

Komanda alipaka mlango wake wa kijani rangi ya bluu. Kila siku kabla ya saa kumi wanapita pale, wote ishirini, na yeye anasimama kizingitini na kumsalimia kila mmoja. Wanaitika. Kisha anaingia ndani kula.