Akikuweka, Ameniweka

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyatoa meno ya Bi Kawthar kwenye glasi, kuyasugua, na kumrudishia mwenyewe. "Bibi, pokea askari wako," nilikuwa nikimwambia. "Wamelala salama, hakuna aliyetoroka." Naye hucheka kwa ufizi mtupu, huyavaa, halafu ndipo huanza kunitukana kwa Kiswahili chake cha Unguja, maana bila meno matusi hayatoki sawasawa.

Kisha chai ya maziwa. Nikimpa kikombe mimi husema, "Mungu akuweke, Bibi." Naye hujibu, "Akiniweka mie, kakuweka na weye." Tunacheka wote wawili.

Ulikuwa utani wenye mfupa ndani. Mkataba wangu wa kazi ya nyumbani kule Omani ulikuwa wa miaka miwili. Ulipoisha nilimwendea mwanawe, Humaid, ambaye mimi humwita Baba Noof, nikamwomba pasipoti yangu iliyokaa kwenye droo yake. Mama yangu kwetu Ugenya, Kenya, alikuwa amepooza upande mmoja, majirani ndio wakimgeuza kitandani. Baba Noof alinisikiliza kwa upole. Ni mtu mpole sana, hata mlango habamizi. Akasema, "Berili, Mama amekuzoea. Kaa naye mpaka Mungu atakapomchukua. Siku hiyohiyo nakupa pasipoti na tiketi. Naandika kabisa." Akaandika, akatia sahihi. Bibi alikuwa amekaa hapohapo, akaitikia kwa kichwa.

Ikapita miaka minne. Mimi namgeuza mama wa watu Al Amerat, na watu wanamgeuza mama yangu Ugenya. Kila nikipiga simu, Mama huniuliza kwa ule mdomo wake uliopinda, "Huyo bibi yako anaendeleaje?" Nikawa sijui tena anauliza kwa wema au kwa nini.

Alhamisi moja alasiri Noof, mjukuu wa Bibi, msichana wa miaka kumi na tano, aliingia chumbani na kompyuta yake. Shuleni walipewa kazi ya kueleza maisha ya rais wa kwanza wa Marekani, akataka kuijaribu mbele ya watu. Watu wenyewe ni sisi wawili.

"Sema kwa Kiswahili, mwanangu," Bibi akamwambia. "Kizungu chenu kinanipita kama magari ya Al Khuwair."

Noof akaanza. George Washington aliongoza vita dhidi ya Waingereza, akashinda, akatawala vipindi viwili, kisha akaondoka kwa hiari yake.

"Kwa hiari?" Bibi akashtuka. "Huyo alikuwa mgonjwa."

"Na meno yake yalikuwa ya bandia, Bibi. Watu husema ya mbao, lakini si ya mbao. Yalikuwa ya pembe za ndovu, na mengine ya watu kabisa. Huenda ya watumwa wake."

Bibi akafumba mdomo haraka. Mimi nikamgeukia. "Bibi, hayo yako ni ya nani? Maana mimi gego langu silioni tangu mwaka juzi."

Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongoni. Alipopata pumzi akauliza, "Alikuwa na watumwa, huyo?"

"Shambani kwake zaidi ya mia tatu. Lakini kwenye wosia aliwaacha huru wale waliokuwa mali yake mwenyewe."

"Eh, kama kwetu. Babu yangu naye alipokuwa akikata roho aliwaacha huru wawili. Ina thawabu kubwa."

"Anayefungua anapata thawabu," nikasema. "Aliyefungwa anapata nini?"

"Anapata mdomo kama wako, mwana laana we. Soma, Noof."

Noof akasoma. "Lakini hawakuachwa siku ile alipokufa. Aliandika wangoje mpaka afe mkewe. Mke akabaki kwenye nyumba moja na watu zaidi ya mia, wanaompikia, wanaomletea maji, na kila mmoja anajua kuwa atakuwa huru siku bibi huyu akifa. Inasemekana aliogopa. Ulipita mwaka mmoja tu, akawaacha huru mwenyewe." Akainua macho. "Nimesoma vizuri?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya alasiri, mkono nimeunyoosha. Bibi hakukipokea. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Nikatafuta mzaha. Mimi sikosi mzaha; siku niliyofika Maskati ajenti aliniita kwa jina la mtu mwingine wiki nzima, nami nikawa naitika kwa sauti mbili. Siku ile nilikuta ghala tupu.

"Onja kwanza," Bibi akasema.

Nikaonja.

Tangu hapo nikawa naonja kila kitu, uji, supu, hata maji. Hakunitukana tena. Nikimgeuza, mwili wake ulikakamaa mikononi mwangu, mwili niliouosha miaka sita. Nililia kwenye chumba cha kufulia, mashine ikinisaidia kelele.

Noof alipata alama nzuri sana.

Siku ya tisa, Baba Noof alirudi kutoka kazini, na kabla hajavua kofia Bibi akamwita. "Mpe karatasi zake aende kwao."

"Mama, si tulikubaliana..."

"Mlikubaliana juu ya kifo changu, nami nikatikisa kichwa kwa ujinga. Nna siku tisa silali."

"Sasa nani atakuangalia?"

"Mtafute ambaye hakuahidiwa kitu."

Akampata Nanyonga, msichana kutoka Uganda. Hakuahidiwa kitu, kama Bibi alivyoagiza.

Asubuhi ya kuondoka nilisugua meno kwa mara ya mwisho. Sikusema habari ya askari. Bibi hakuyavaa, aliyashika mkononi, akaniuliza kwa ufizi, "Berili. Ulikuwa waningoja?"

Ningeweza kuapa. Lakini kulikuwa na ile asubuhi moja, kabla hata ya Noof na rais wake, nilipomwita mara mbili asiitike. Kabla hofu haijanifikia niliiona ndege. Niliiona mpaka rangi ya viti. Halafu akakoroma, nami nikaenda kuchukua glasi.

"Asubuhi moja, Bibi," nikasema. "Moja tu."

Akayavaa meno yake taratibu. "Moja," akasema. "Mie ningekuwa weye, zingekuwa zote."

Nikamtilia chai, nikaonja mbele yake, nikampa. Nje Baba Noof alikuwa tayari kwenye gari.

"Mungu akuweke, Bibi."

"Leo rahisi kusema, eeh?"

Nilipogeuka mlangoni, alikuwa bado amekishika kikombe kwa mikono miwili. Hakuwa amekunywa.