Mwashi wa Kasri la Letusote

Katika nchi ya Milkisote hapakuwa na fahari iliyozidi Kasri la Letusote, ambalo raia wote walilimiliki kwa shirika, kuanzia sultani hadi mchuuzi wa maji. Desturi ya huko ilikuwa ya ajabu. Fundi aliyejenga nyumba ya mtu alilipwa ujira wake, lakini aliyekarabati kasri alipandishwa roshanini kila mwisho wa mwezi, akapigiwa pembe ya siwa, na umati ukamshangilia, "Hongera, mwenye mali!" Kisha alishuka akaenda zake mikono mitupu. Nani, watu walisema, hujilipa kwa kupaka chokaa nyumba yake mwenyewe? Msimamizi wa kasri, Bwana Manenomatamu, yeye alipokea mshahara mnono, kwa sababu hakushika mwiko wa uashi.

Stahiki, fundi mwashi, alizipenda sana zile siwa. Lakini njaa haisikii siwa, jamani! Mwenye nyumba aliyempangisha alipomtupia virago nje kwa kukosa kodi, mkewe Tambuzi alimtazama, watoto wakamtazama, naye akachanganyikiwa kabisa. Mimi ni tajiri wa kasri, aliwaza, mbona wanangu wamekaa juu ya magodoro barabarani? Alifikiri hata kichwa kikamuuma. Mwishowe akaona jambo moja tu lililo wazi, akabeba magodoro, akaihamishia familia yake katika chumba cha mashariki, alichokipiga lipu kwa mikono yake.

Asubuhi alikamatwa kwa uvamizi.

Mbele ya Kadhi Insafu, Manenomatamu alinguruma, "Mheshimiwa Kadhi, mtu huyu ameingia mahali pasipo pake!"

"Kumbe si pangu?" Stahiki aliuliza, macho yamemtoka. Hakuwa na hila hata chembe, alitaka kujua. "Bwana Msimamizi, mwezi jana ulinishika mkono roshanini ukasema ni pangu."

"Ni pako kwa heshima, si kwa kulala."

"Na kwa kufanya kazi?"

"Kwa kufanya kazi ni pako kabisa."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikawakauka, maana mafundi walikuwa wengi mle barazani. Kadhi akamgeukia msimamizi. "Chagua moja. Akiwa mwenye nyumba, mrudishie chumba chake. Akiwa fundi, mlipe miezi yote aliyofanya kazi."

Katika vyumba vya kasri aliishi Manenomatamu na shemeji zake, na hakutaka kuwaondoa. Akalipa, huku jasho likimtiririka, na tangu siku hiyo kila fundi wa kasri akalipwa kama mafundi wengine.

Stahiki alizipokea fedha, lakini hakuondoka. Machozi yalimlengalenga. "Mheshimiwa, kwa hiyo kasri si letu tena? Mimi sasa ni nani, mwenye nyumba au fundi?"

"U wote wawili," alijibu Kadhi, "na wote wawili hula."

Stahiki alisimama akilitafakari jibu hilo, bado halijamkaa vizuri kichwani. Tambuzi akamvuta mkono.

"Utafikiri ukishashiba, Baba Neema," alisema. "Twende, duka la unga litafungwa."