Mishiko ya Musembi

Kwa miaka sita Musembi alisindikiza kwa gita katika bendi ya Ndolo pale Nunguni, na miaka yote sita alipiga mishiko mitatu tu: G, C na D. Mshiko ni nyuzi kadhaa unazobana na kuzipiga pamoja, na Musembi aliijua mingi kutoka kwenye picha za kitabu kimoja kikuukuu. Asichojua ni ipi hukaa pamoja katika wimbo mmoja. Wimbo ukihitaji wa nne, Ndolo aliupiga mwenyewe, amewageuzia mgongo wasimwone vidole.

"Nikikufundisha utanihama," alimwambia wazi.

Kweli alitaka kuhama. Bendi moja ya Mwingi ilimwita aende kujaribiwa Jumamosi hiyo, aje na gita. Lakini mwimbaji wao, Nzilani, alianzia nyimbo zake A, si G, na Musembi hakujua mishiko inayoifuata A; na gita lenyewe alilopiga lilikuwa la Ndolo.

Jumatano alimweleza shida hiyo mkewe, Kaluki, mwimbaji wa kwaya kanisani.

"Baba Mumbua, G ndiyo Do yenu?" Kaluki akamwuliza.

"Ndiyo."

"Hesabu mpaka C."

"Do, re, mi, fa. Ni ya nne. D ni so, ya tano."

"Sasa sisi tukipandisha Do, tunamwacha fa nyuma? Si anahama na mama yake."

Musembi akahesabu kutoka A. Ya nne, D. Ya tano, E. Akarudi G, akahesabu hadi la, ya sita, akajaribu mshiko wa E wenye sauti ya huzuni, ule kitabu kilioandika Em. Ndio huo Ndolo aliomficha.

Angenyamaza siku tatu tu angefika Mwingi. Lakini Ijumaa, watu wakicheza, zamu ya ile la ilipokaribia mkono ukamshinda. Akaipiga, safi, mbele ya wote.

Ndolo alisimamisha wimbo. "Nani amekuonyesha?"

"Nimehesabu."

"Umehesabu. Mwalimu Musembi." Wenzao wakacheka. Ndolo akamvua gita, akalishika shingo. "Kumbe ndiyo maana unaulizwaulizwa huko Mwingi. Kesho tuna harusi mjini Wote. Utapiga mitatu yako, au uende Mwingi na mikono mitupu."

Watu walikuwa wanangoja, wengine wanapiga miluzi. Musembi aliitazama mikono yake, kisha akainyoosha.

"Lete," alisema.

Akaanza tena na G.