Simanzi ya Meza ya Gundi

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne na robo asubuhi, mke wangu aliweka brashi chini kabla hajamaliza soli, akatazama ukuta. Kiwandani mimi nakata ngozi. Yeye alipaka viatu gundi kwenye chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Nilimwita mara tatu. Akanitazama kama mtu anayetafuta jina langu.

Muuguzi wa kiwanda hakumpima hata homa. Aliandika daftarini neno moja, simanzi, akamrudisha mezani.

Shule sikufika mbali, lakini neno hilo nalijua. Bibi yangu alikuwa nayo alipomzika mwanawe: anakunja nguo, mara mikono inasimama, macho yanakwenda mbali. Ukimuuliza, anakwambia anamuwaza nani. Mwenye simanzi anajua alichopoteza. Mke wangu alikuwa hajapoteza kitu. Nilipomuuliza anawaza nini, alisema hawazi chochote.

Wenzake wawili wa meza ileile wakaandikiwa neno lilelile. Wakubwa wakafanya mzaha, eti wanawake wa gundi wameachwa na bwana mmoja. Mwezi wa sita nikamzika mke wangu.

Kiwandani kwetu nafasi ya marehemu hupewa mtoto wake. Wenyewe wanaiita heshima. Walikuja na karatasi udongo haujakauka, nami nikatia dole gumba. Binti yangu akavaa aproni ya mama yake.

Leo asubuhi nimepita mlangoni pao nikaona brashi yake imelala. Nikamgusa bega.

"Baba," akaniuliza taratibu, "mama katoka saa ngapi?"

Nikamshika mkono hadi kwa muuguzi. Nikamwambia mtoto harudi kwenye meza ile, wamtafutie kazi nyingine au nitoke naye. Hakuinua hata kichwa.

"Mzee, kafiwa na mama yake. Ulitaka awe anacheka?"

Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye herufi ya pili. Safari hii neno lilimkaa sawasawa, nani angelibishia?

Kengele ya kazi ikalia. Mkono wa binti yangu sikuuachia.

"Mke alikuwa wangu," nikamwambia muuguzi. "Nimelala naye miaka ishirini na mbili, nikamzika mwenyewe. Mbona daftarini mimi simo? Simanzi gani hii inayochagua meza?"