Koti Lililokwenda na Mbawala

Nanyama alipoingia dukani mara ya kwanza, Salme alidhani ni mteja wa mapazia. Duka hilo lilikuwa lake na kaka yake Idarus, katikati ya jiji la Nairobi, hatua chache kutoka Mtaa wa Biashara. Mbele vitambaa vya nguo, nyuma maturubai. Mwanamke aliyeingia alikuwa mrefu, mpana wa mabega, na filimbi ya mwalimu wa michezo ikining'inia shingoni. Aliomba kitambaa cha kushonea makoti ya mvua, akakibonyeza katikati kikawa kama bakuli, akatoa chupa ya maji mkobani na kumimina humo. Kisha akatazama chini ya kitambaa. Muda si muda, tone likachungulia.

"Hiki hapana," akasema kwa upole. "Nionyesheni kingine."

Akajaribu kingine, na kingine, hadi sakafu ikawa chepechepe. Idarus alinuna. Salme akaenda nyuma kumjazia chupa.

Ndipo akapata habari zake. Nanyama alifundisha michezo katika shule moja ya Lavington na kuishi Kabiria, ingawa kitovu chake kilizikwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kila Septemba, kabla ya mvua za vuli, alichukua watu wa kujitolea akapanda nao milima ya Nyandarua pamoja na askari wa wanyamapori. Walikwenda kuwinda, alisema, lakini walichowinda ni mitego: vitanzi vya waya vilivyofichwa kwenye njia za wanyama. Kazi yenyewe si ngumu. Kigumu ni hali ya hewa. Mwezi huo mlima una vigeugeu: asubuhi jua la kuanikia mahindi, adhuhuri ukungu, alasiri mvua ya mawe, na alfajiri unakuta maji yameganda sufuriani.

Salme alikuwa amevuka miaka arobaini. Alizaliwa Lamu, akakulia Nairobi, na baridi aliyoijua ni ile ya Julai ambayo sweta na chai ya tangawizi huimaliza. Hata hivyo, mgeni yule alipokuwa akifungasha kitambaa chake, Salme alijisikia akiuliza kama kundi lao bado lina nafasi, akaambiwa aje Kabiria kwenye mazoezi. Idarus alimwambia baadaye kwamba milima haina haja na mwanamke wa duka. Salme hakubishana naye. Jumamosi iliyofuata akavaa raba, akaenda Kabiria.

Alichokikuta huko kilimshangaza. Nanyama aliwafunga macho watu wa kundi lake kwa leso na kuwaamuru wasimamishe hema uani, huku yeye akiwamwagia maji ya mpira. Aliwafundisha kuwasha moto kwa kuni mbichi, kwa kuzichonga hadi zifike kwenye moyo mkavu. Aliwafundisha kupanga begi: koti la mvua juu kabisa, kwa sababu mvua haikusubiri utafute, sweta kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo haufunguliwi ila kwa dharura. Aliyafanya yote pamoja nao, naye akilowa kama wao, na hakuna aliyemsikia akipaza sauti.

Siku moja aliwapeleka mjini kwa rafiki yake muuza samaki, mwenye chumba cha baridi. Aliwavisha soksi ya pamba mguu mmoja na ya sufu mguu wa pili, zote zimelowa, akaingia nao ndani na kufunga mlango. Wakakaa katikati ya makreti ya samaki, wakitoa mvuke midomoni. Punde Salme akaacha kuusikia mguu wa pamba. Ule wa sufu, japo ulikuwa majimaji, bado ulikuwa wake. Odhiambo, karani wa kampuni ya bima aliyekuja na suruali ya jinzi, alitetemeka meno yakigongana, akisema hii baridi si ya mchezo.

Walipotoka juani, Nanyama aliketi juu ya kreti tupu akangoja watulie.

"Baridi ikimwingia mtu, kitu cha kwanza inaiba ni akili, na mwenye kuibiwa hajui," alisema. "Mkiona vidole vyangu vimeshindwa na zipu, na mdomo wangu unasema niko sawa, msinitii."

"Hata wewe, Mwalimu?" Odhiambo akauliza akicheka.

"Hasa mimi. Kwa sababu mimi mmezoea kunitii."

Hakucheka. Salme alirudi dukani na maneno hayo kichwani. Alikuwa amewafahamu wakubwa wengi, wa misikitini, wa maofisini, wa sokoni. Hakukumbuka hata mmoja aliyewahi kuwapa watu wake ruhusa ya kumkatalia, achilia mbali kuwafundisha namna ya kufanya hivyo.

Septemba ilipofika wakapanda Nyandarua wakiongozwa na Mwololo, askari wa wanyamapori, mtu mkimya aliyejua kila kijito. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Walitembea wametawanyika katikati ya mianzi, macho chini, na kila aliyeona waya alipiga mluzi. Siku ya pili jua lilikuwa kali hadi wakavua makoti. Kabla ya adhuhuri Nanyama alisimama, akaangalia upande ambao upepo ulitoka, akawaambia wayavae tena. Walinung'unika, lakini waliyavaa.

Hawakwenda mbali, wakasikia purukushani kando ya kijito. Mbawala dume alikuwa amenaswa mguu wa nyuma, na waya ulikuwa umeingia nyamani. Kila walipomsogelea alijirusha, na kila alipojirusha waya ulizidi kukata. Mwololo alinong'ona kwamba mnyama asipofunikwa macho atajivunja mguu. Nanyama alivua koti lake, akazunguka kwa nyuma taratibu, akamtupia kichwani na kumkumbatia shingo kwa uzito wake wote. Mnyama akatulia, mbavu zikipanda na kushuka. Odhiambo akapiga magoti na koleo lake, akaukata waya.

Mbawala aliruka kama aliyechomwa moto. Alimpiga Nanyama teke la kifuani likamwangusha chali kijitoni, akatokomea msituni na koti limening'inia kwenye pembe zake. Kisha Nanyama mwenyewe akacheka, amekaa katikati ya maji, nao wakacheka wote. Salme alimtazama mwanamke yule, tope hadi masikioni, akifurahia mguu wa mnyama kuliko alivyojali mbavu zake mwenyewe, akamnyooshea mkono.

Mvua ya mawe ilianza kabla hawajamaliza kucheka.

Kila mmoja alimpa Nanyama koti lake, naye akayakataa yote, akisema kambi haiko mbali na mwendo utampasha joto. Akatangulia. Ukungu ulishuka, wakawa wanafuata vitambaa vyekundu alivyovifunga mwenyewe asubuhi kwenye matawi. Salme alikuwa nyuma yake. Mwanzoni alimsikia akiwaita mmoja mmoja, kuhakikisha hakuna aliyebaki. Baadaye hakumsikia tena. Alimwona akijikwaa mahali pasipo na kisiki. Kisha akamwona akikipita kitambaa chekundu kilichomgusa bega, asikione, akielekea bondeni.

"Mwalimu," Salme akaita. "Njia ni huku."

Nanyama akageuka polepole. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alikuwa ameshika zipu ya sweta yake iliyolowa, akiivuta bila kuipata.

"Niko sawa," akasema, na maneno yakatoka yamelala. "Twende. Kambi iko hapo tu."

Salme aliwatazama wenzake. Odhiambo aliinamisha uso. Hata Mwololo alisita. Hawa walikuwa watu waliomfuata Nanyama kwa sababu hajawahi kukosea. Na Salme alikuwa nani, muuza vitambaa aliyeuona mlima juzi? Alihisi woga mkubwa kuliko woga wa mvua.

"Kaa chini, Mwalimu."

"Nimesema twende."

"Nawe ulisema tusikutii."

Nanyama alimkodolea macho kama mtu anayesikia lugha aliyoijua utotoni. Uso ulianza kukunjana kwa hasira. Kisha akaketi juu ya majani.

Baada ya hapo mikono ilijua kazi yake. Turubai likatandazwa na kufungwa kati ya mianzi upesi kuliko walivyowahi uani Kabiria. Wanaume wakageuza migongo. Salme akamvua nguo zilizolowa, akamvika ile sweta kavu ya dharura, ya sufu, iliyokuwa ndani ya plastiki, akamwingiza katika mfuko wa kulalia waliokuwa wameubeba kwa dharura, akajibanza naye humo. Odhiambo akapitisha chai yenye sukari nyingi kutoka kwenye themosi, funda kwa funda. Nanyama alipoanza kutetemeka kwa nguvu, Odhiambo aliogopa, lakini Salme alishukuru Mungu. Mwili uliotetemeka ulikuwa umerudi kupigana.

Mvua ilipopungua, Mwololo aliwaongoza hadi kambini. Asubuhi mahema yalikuwa magumu kwa barafu, na anga ilikuwa safi kabisa, kama kwamba jana haikuwapo. Upande wa pili wa bonde bado kulikuwa na mitego ambayo hawakuifikia. Odhiambo alitaka waende. Wote wakamgeukia Nanyama, aliyekuwa akinywa uji kwa mikono miwili.

"Muulizeni Salme," akasema. "Jana aliona, mimi sikuona. Leo yeye ndiye anaamua."

Salme akaangalia upande ambao upepo ulitoka. Mbali kabisa, wingu jembamba lilikuwa limekaa juu ya kilele. Alisema warudi, bonde lile litakaguliwa na askari wengine wiki ijayo. Alingoja Nanyama aongeze neno lake, angalau agune. Nanyama aliosha kikombe, akafunga begi, akaenda kusimama nyuma ya wengine wote kwenye mstari.

Hilo ndilo Salme aliloshindwa kulisahau. Kuongoza, wengi wanaweza. Mtu kama yule kuteremka mlima mzima akikanyaga nyayo za mwanafunzi wake, bila kununa na bila kujifanya mnyenyekevu, hakuwahi kuona.

Walimshusha Nanyama Kabiria alasiri, mbavu zikimuuma, na jua la Nairobi likiwaka. Jioni Idarus alimmiminia dada yake kahawa na kumuuliza mlima ukoje. Salme alianza kumweleza habari za ukungu na mianzi, akajikuta kila sentensi inamrudisha kwa mwanamke yule. Akamsimulia yote. Idarus alisikiliza hadi kahawa yake ikapoa.

"Mbavu zikipona," akasema mwishowe, "mwambie aje nyumbani Ijumaa. Ale na sisi."

Salme akachukua simu yake, akampigia palepale.